Mshono Ambao Daktari Hakuuona

Mshono niliowahi kuushona vizuri kuliko yote maishani mwangu ulikaribia kuozesha tumbo la dada yangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa najua jinsi inavyosikika. Nasema kwa sababu mtaa mzima umeshaisimulia habari hii kwa namna kumi na mbili, na katika zote dada ndiye jasiri na mimi ndiye mjinga. Mjinga nilikuwa, sikatai. Lakini tulikuwa wawili.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ana miaka hamsini na mmoja, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kati ya mashine tatu, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye mabawa mawili pembeni. Mbele yake watu humwita Fundi. Akigeuka humwita Mama Fumua, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukimpelekea kazi uliyoshona, huigeuza ndani nje, huivuta, hupitisha kucha juu ya mshono, kisha husema, "Fumua." Hakasiriki wala hapandishi sauti. Akiwa ameridhika hanyanyui hata kope, hunyamaza tu na kukurudishia nguo.

Mimi ni mdogo wake wa mwisho. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye ishirini na tisa, akanichukua na kunikalisha mbele ya mashine kabla sijamaliza kulia. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Kwa muda wote huo sikuwahi kusikia kinywani mwake kwamba kazi yangu ni nzuri. Nimekula ukimya wake nikashiba, na siku nyingine nimelala njaa.

Siku moja mchana alikuwa amepiga magoti, anapima pindo la gauni lililovishwa sanamu, pini nne mdomoni. Akasema, "Nataka kwenda kukata tumbo."

"Lina ubaya gani? Mimi naona limekaa vizuri."

"Si la gauni. Langu."

Tumbo lake nililijua. Alizaa watoto watatu, na wa mwisho alikuja na kilo nne na nusu, tayari kwenda shule. Baada ya hapo ngozi ikabaki inaning'inia. Dada alipambana nayo miaka mingi. Alitembea kila alfajiri. Alijinyima chakula mpaka sisi wengine tukakonda. Nyama ilipungua, ngozi ikakaa pale pale, na wakati wa joto vilimtoka vipele chini ya mikunjo. Lakini hakutaja vipele.

"Miaka thelathini na mmoja najiona kwenye kioo hiki vipande vipande," alisema. "Bega nyuma ya mteja. Nusu ya kichwa. Nikibaki peke yangu nakifunika."

Kweli, kila jioni alikuwa anakifunika kioo kwa shuka. Alituambia ni kwa sababu ya vumbi, nami kwa miaka ishirini na miwili niliamini vumbi. Nikamwokotea pini iliyomdondoka.

Wateja waliambiwa fundi anakwenda kufanyiwa operesheni ya ngiri. Aliichagua ngiri mwenyewe kwa sababu, alisema, hakuna anayeomba kuiona.

Daktari aliyempata alikuwa kijana mpole, mwenye mikono safi na suruali ambayo mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa nusu inchi. Dada hakuiacha ile suruali kwa macho tangu tulipoingia. Daktari alieleza kwamba nyama hupungua kwa mazoezi, lakini ngozi ikishavutika kupita kiasi hairudi. Dada akaitikia kwa kichwa kama anayesomewa somo alilokwisha kulifundisha. Kitambaa kilichovutika hakirudi, hukatwa. Akauliza sindano ni ya namna gani, uzi ni wa namna gani. Daktari akasema nyuzi nyingi za ndani huyeyuka zenyewe baada ya wiki kadhaa.

"Uzi ukiyeyuka, nguo inabakije?"

"Mwili unakuwa umeshajiunga wenyewe, mama."

"Basi wewe unapiga bandi tu," dada akasema. Bandi ni ule mshono wa kushikiza, unaotolewa nguo ikishashonwa kweli.

Daktari akafikiri kidogo. "Ndiyo. Mimi napiga bandi. Anayeshona ni mwili."

Kuanzia hapo dada alimheshimu, ukiondoa suruali.

Operesheni ilikwenda vizuri. Siku ya tatu tulimrudisha nyumbani amejikunja kiunoni kama mtu anayetafuta shilingi sakafuni, maana hakuruhusiwa kunyooka. Tulipewa karatasi ya masharti, nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Alale chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili na mto mwingine chini ya magoti, ngozi isivutwe. Atembee hatua chache kila baada ya muda mchana, ameinama hivyo hivyo, damu isigande miguuni. Asiinue kitu kizito kuliko birika. Anywe maji, ale mayai na samaki na maharage, asikae karibu na moshi wa sigara. Na mkanda, yaani ile nguo ya kubana inayotoka chini ya matiti hadi mapajani, auvae usiku na mchana kwa wiki sita, auvue nusu saa tu kwa siku wakati wa kujifuta mwili. Karatasi haikusema kwamba ni marufuku kuupunguza huo mkanda kwa mashine. Aliyeiandika hakuwaza kwamba duniani kuna watu kama sisi.

Tumboni alitoka na mirija miwili myembamba ya kutoa maji ya kidonda, kila mmoja na kichupa chake. Kazi hiyo aliichukua shemeji. Shemeji ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, na nadhani wiki ile ndipo alipojisikia kwa mara ya kwanza kwamba mke wake ameingia kwenye taaluma yake. Aliichunguza mirija siku ya kwanza, akapapasa viungio.

"Wamefunga vizuri," akasema. "Hapavuji."

Asubuhi na jioni alipima maji na kuyaandika kwenye daftari la vipimo la dada, lile lenye ukurasa wa kila mteja na ukweli wake pembeni: bega la kulia limeshuka, huyu anadanganya kiuno, makalio usiyasemee ila yaachie nafasi. Dada hakuwahi kuwa na ukurasa wake. Sasa akawa nao, na ulianza hivi: kulia, vijiko vinne, kushoto, vijiko vitano na nusu.

Siku ya tano nikiwa namfuta mgongo, mkanda umewekwa kitini, akaunyooshea kidole.

"Umelegea."

"Nini kimelegea?"

"Mkanda. Kidole changu kinaingia pembeni. Hospitali nzima wana saizi tatu. Ndogo, kati, kubwa. Binadamu wote hawa, saizi tatu." Alisema kwa uchungu zaidi kuliko aliposema habari ya kidonda. "Punguza inchi moja kila upande."

"Dada, karatasi inasema…"

"Karatasi inasema ubane. Huu unabana?"

"Tumpigie simu nesi."

"Umwulize nini? Kama mimi najua kupima?"

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu lililotaka kuvunjika ni la mkuu mwenyewe. Nina miaka thelathini na minane. Sokoni wananijua kwa mdomo, kuna muuza nyanya anayehama meza akiniona. Lakini mbele ya dada mimi bado nina kumi na sita, na mashine iko mbele yangu. Nikauchukua mkanda nikaenda chumba cha mbele.

Nilikuwa na nusu saa. Ile nguo ilikuwa ya kitambaa kinachovutika, kimeshonwa kiwandani kwa mshono wa kulala, ule usiokwaruza ngozi. Nikafumua pande zote mbili kwa wembe. Nikakata inchi moja huku, inchi moja kule. Nikabadilisha sindano, nikatafuta uzi rangi ya chai ya maziwa unaolingana na wa kiwandani, nikaujaribu kwenye kipande, nikalegeza mkazo wa mashine, nikashona polepole mara mbili. Lebo ya saizi nikairudisha mahali pake, na herufi zikasomeka. Nilitumia dakika ishirini na mbili.

Dada aliugeuza ndani nje. Akauvuta. Akapitisha kucha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akaunyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Nilisimama pale na mikono nyuma.

Akanyamaza.

Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi, na nilirudi kuosha beseni nikiimba. Tulimfunga mkanda watu wawili, mimi nikivuta, shemeji akitia kulabu, na dada akishika kichwa cha kitanda.

"Sasa hii ni nguo," akasema.

Siku iliyofuata maji ya mirija yakapungua, na shemeji akaandika kwa mwandiko mkubwa: kushoto, kijiko kimoja. Tukaona dada ana akili kuliko hospitali. Jirani mwenye duka la vifaa vya shule akaja kutoa pole ya ngiri, akakaa saa nzima akieleza ngiri ya baba mkwe wake, na dada alimsikiliza amenyooka kitandani kama askari, kwa sababu ule mkanda haukumruhusu namna nyingine.

Siku ya nane tulikwenda hospitali kutolewa mirija. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, tukapokewa na nesi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Akaitoa mirija. Chini ya kitovu, juu kidogo ya kidonda, palikuwa na weusi wa kizambarau upana wa kiganja. Nesi akapatazama, akachukua mkanda, akasoma lebo.

"Kubwa. Sawa. Mnaufungua nusu saa tu?"

"Nusu saa tu," nikasema.

"Hii inaweza kuwa damu iliyovilia. Mrudi baada ya siku tatu daktari aione mwenyewe."

Siku tatu hizo ule weusi haukupungua, ulikolea. Dada hakulalamika maumivu, na tukahesabu hiyo kuwa heri. Baadaye daktari alituambia ngozi ya pale kwa wakati ule haisikii kitu, hata ukiichoma.

Siku ya kumi na moja daktari alibonyeza pale kwa kidole, akaachia, akasubiri rangi irudi. Haikurudi upesi. Akabonyeza tena. Nikamwona anavyokunja uso.

"Mama, unavuta sigara?"

Dada alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anaiba vitambaa vya wateja.

"Nyumbani kuna anayevuta?"

Sote tukamgeukia shemeji, ambaye hajawahi kushika sigara. Akashtuka, akaanza kujikagua mifuko.

Wakampima sukari, ikawa sawa. Wakampima damu, ikawa sawa. Daktari akauliza saizi ya mkanda. Nesi akajibu, "Kubwa, daktari, nimeangalia mwenyewe." Daktari akauchukua, akaugeuza, akauvuta huku na huku, akaurudisha kitini. Kisha akavuta kiti akakaa.

"Mama, nitakwambia ukweli. Damu haifiki vizuri hapa. Ikiendelea hivi, sehemu hii itakufa. Itabidi niikate, na kidonda kitakuwa kikubwa, hakitavutika kufungana. Huenda nikalazimika kuchukua ngozi ya paja niweke kiraka. Na sababu siioni, ndiyo inayonitia wasiwasi. Nisipojua sababu, hata hicho kiraka kinaweza kufa."

Neno kiraka lilimpata dada. Akanitazama. Mtazamo ule naujua, ni ule anaonipa mteja anapouliza kama nguo yake iliungua kidogo kwenye pasi. Maana yake ni, usithubutu.

Daktari akainamia faili. Nikamwona anaandika kwamba sababu haijulikani.

"Tumeupunguza," nikasema.

"Nini?"

"Mkanda. Inchi mbili. Siku ya tano."

Daktari akauchukua tena. Akaupeleka chini ya taa, nesi akaja, wakashika huku na huku, wakaukagua kama watu wanaokagua noti. "Hapa hapajaguswa," nesi akasema.

"Pameguswa."

"Lebo yake hii hapa."

"Niliirudisha."

"Wapi mshono?" Daktari sasa alikuwa amevaa miwani. "Nionyeshe. Mimi sioni kitu."

Nikaomba wembe. Akanipa kisu chake kidogo cha kazi, kipya, kwenye karatasi yake. Nikaketi kwenye ngazi ya kitanda cha wagonjwa, nikaanza kufumua upande wa kulia. Ulichelewa kufunguka, kwa kuwa niliushona mara mbili. Uzi ulipotoka, kingo zikaonekana zimekatwa upya, safi kabisa, bila hata kitundu kimoja cha sindano ya kiwandani. Nilifika nusu ya upande nikashindwa kuendelea, macho yalikuwa yamejaa maji.

"Inatosha," daktari akasema. Kisha akamgeukia dada, na kwa mara ya kwanza hakuwa kijana mpole. "Mama, tulikubaliana hapa hapa kwamba anayeshona ni mwili."

"Tulikubaliana."

"Sasa atashonaje mtu aliyekabwa koo?"

Dada akatazama dari. Nilimhurumia na nilitamani kumpiga, vyote kwa wakati mmoja.

Tukapewa mkanda mwingine, mpana, nao uvaliwe kwa siku za baadaye. Kwanza siku tano bila kitu chochote kinachobana, alale magoti juu, kidonda kifungwe kwa dawa asubuhi na jioni. Siku tano zingeonyesha kama ngozi itapona au itakatwa. Mkanda wa zamani nilidhani tumeuacha pale. Kumbe dada aliufungia kwenye kanga yake.

Tulikuwa ndani ya teksi, tunakaribia nyumbani. Dada akasema, "Nani alikutuma useme?"

Nikalipuka. Shemeji alikuwa mbele na dereva, wote wawili wakatazama barabara kwa bidii. Nilimwambia hajanituma mtu. Nilimwambia nimefumua kwa neno lake miaka ishirini na miwili na nimeshona kwa neno lake miaka ishirini na miwili, na siku nikiona amekufa kwa mshono wangu nitafumua nini. Nilimwambia nilishazika mama mmoja, na sina mama wa tatu wa kufanyia majaribio. Sauti ilikuwa kubwa mno kwa gari dogo vile. Dada akageukia dirishani. Dereva akapunguza mwendo, sijui kwa heshima au alitaka kusikia mwisho.

Tulipofika nyumbani nikamlaza, nikaweka mto chini ya magoti. "Niletee lile gauni la mwalimu mkuu, nimalizie vifungo," akasema.

"Lala."

"Vifungo havina uzito wa birika."

"Lala, dada."

Siku tano zile nami nilikuwa na neno langu moja. Akitaka kunyooka, lala. Akitaka kuona kama hesabu ya dukani imeandikwa, lala. Aliponung'unika kwamba bila mkanda anajisikia kama mzigo uliofunguka kamba, nilimuuliza kama kitambaa kipya cha pamba hukikata kabla ya kukiloweka. "Unakiloweka kinywee, unakianika, ndipo unapima," nikasema. "Wewe bado umo ndani ya maji. Unapima nini?" Ndivyo alivyonifundisha yeye mwenyewe, kwa makofi mawili, nilipoharibu mita nne za pazia. Mganga hajigangi, na fundi hajipimi. Akafumba macho, akajifanya amelala.

Asubuhi ya kwanza aliagiza sanduku la nyuzi. Alisema macho ya watu husahau rangi toka leo hadi kesho, lakini uzi hausahau. Shemeji akamulika kwa tochi yake ya kazi, mimi nikasogeza uzi mmoja mmoja karibu na ngozi mpaka tukapata unaolingana: zambarau iliyokolea, inayokaribia nyeusi. Tukauweka dirishani. Kando yake tukapanga mwingine wa zambarau ya kawaida, halafu damu ya mzee, halafu kahawia nyekundu, na mwisho kabisa kahawia ya ngozi yake mwenyewe, ambayo tulihangaika kuipata, tukaipata kwenye masalia ya suti ya mtu.

Siku ya pili, uzi ule ule. Siku ya tatu, uzi ule ule. Shemeji alizima tochi akatoka. Siku hiyo dada alinishika mkono nilipokuwa nabadilisha dawa, akaushikilia muda mrefu, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nikikatwa tena," akasema, "usimwambie mtu kwamba ni mkono wako."

"Nitawaambia wote."

"Nasema usiwaambie."

"Lala."

Siku ya nne nilipokaribia na uzi wa zambarau iliyokolea, kwenye ukingo wa juu haukulingana. Nikadhani ni tochi. Nikamwambia shemeji afungue pazia. Nikajaribu tena kwenye mwanga wa jua. Haukulingana. Nikachukua ule wa pili, haukulingana nao. Nikachukua wa damu ya mzee, nikauweka, ukapotea kwenye ngozi kabisa.

"Sema," dada akasema. Alikuwa anatazama ukuta.

"Damu ya mzee. Vidole viwili kutoka juu. Na huku pembeni pia."

Shemeji akatoka nje. Tulimsikia uani akifungua bomba na kulifunga, akafungua na kulifunga, bila kuosha kitu. Mimi nililia, sioni sababu ya kuficha. Dada akaniambia nisidondoshe machozi kwenye kidonda.

Haikupona yote. Katikati kabisa, kipande cha ukubwa wa kifungo cha koti kilikufa, kikakauka, kikatoka chenyewe baada ya wiki tatu, na chini yake nyama mpya ikajijaza polepole bila kisu wala kiraka. Lile kovu la duara analo mpaka leo. Daktari alipoliona alisema tumepata bahati. Pembeni, mwisho wa kidonda kikubwa, palikuwa na mikunjo midogo huku na huku, ambayo dada aliilalamikia tangu wiki ya kwanza kwamba kona hazikulazwa. Daktari alimwambia asubiri, na alipokwenda mwezi wa tatu kona zilikuwa zimelala. "Mkono wako si mbaya," dada akamwambia. "Hiyo suruali uilete."

Wiki ya kumi alirudi dukani. Alitembea amenyooka, amevaa gauni la kawaida la kazi, akaenda moja kwa moja kwenye kioo, akavuta lile shuka, akalikunja mara nne na kuliweka kwenye rafu ya vitambaa. Akasimama mbele. Alijitazama ubavu mmoja, akajitazama wa pili, kisha akajitazama usoni kwa muda. Nilijifanya natafuta mkasi. Halafu akamwita mteja wa kwanza, siku ikaanza.

Nilipotoka kununua zipu na kurudi, niliukuta ukutani. Mahali pale tunapotundika kazi za mfano, kati ya gauni la harusi na koti la mtoto, dada alikuwa ameutundika mkanda wa hospitali, ndani nje, rangi ya chai ya maziwa, upande mmoja umefumuliwa nusu na uzi unaning'inia. Nilitaka kuufunika kwa mkono. Mteja aliyekuwa kwenye kioo ni yule jirani wa duka la vifaa vya shule, aliyetuletea pole ya ngiri.

"Ni nini kile, Fundi?"

"Nilikata tumbo," dada akasema. "Haikuwa ngiri. Huo ndio mkanda niliovalishwa. Mdogo wangu aliupunguza. Upande mmoja umefumuliwa, mmoja bado uko kama alivyoushona. Nenda katafute alipopita."

Jirani akasahau kwamba ana pini mwilini. Akausogelea, akashika ule upande mzima, akauvuta, akauinamia mpaka pua ikagusa kitambaa. Alikaa hapo muda mrefu kuliko adabu.

"Mbona sioni kitu?"

"Huwezi kuona," dada akasema. "Hata daktari hakuuona."

Kisha akarudisha pini mdomoni na kupiga magoti. Mimi nilikuwa nimeshaketi mashineni, nimeinamisha kichwa, nakanyaga. Nilishona pindo zima la pazia, mita tatu, sikuinua uso hata mara moja, na nilipofika mwisho ndipo nikaona kwamba sindano haikuwa na uzi.